Muuguzi Anajibu: Usingoje Mwili Ukwambie Kuna Baridi

Barua zilizonifikia safari hii zimefuatana kwa jambo moja. Zinatoka kwa watu wanaohamia nchi zenye majira makali ya baridi, wengine kwa masomo, wengine kwa kazi, wengine kumfuata mume, mke au watoto. Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura katika mji ambao theluji ikianguka hukaa ardhini miezi mingi, na wengi ninaowapokea wameumizwa na baridi bila kujua kwamba wanaumia. Hilo nataka kila anayefungasha begi alishike tangu sasa: baridi hunyamazisha maumivu kabla ya kuleta madhara. Jua kali litakusumbua mpaka utafute kivuli. Baridi ikizidi hukutia ganzi, ukaona afadhali, kumbe ndiyo kwanza imeanza kula. Kwa hiyo maswali ya usalama nimeyajibu kirefu, mengine kwa ufupi.

Shikamoo mama. Nimepata nafasi ya masomo, naondoka Januari. Ndugu wamenichangia koti moja zito sana, wengine wananiambia nibebe masweta hata saba. Begi langu ni moja tu, kilo 23. Nibebe nini, niache nini?
*Mwanafunzi msafiri*

Marahaba mwanangu, na hongera. Waliokuchangia wamefanya jambo jema, lakini lichunguze hilo koti kabla halijajaza nusu ya begi. Weka kitambaa chake mdomoni upulize kwa nguvu. Ukisikia pumzi upande wa pili, basi na upepo wa huko utapita hivyo hivyo. Linafunika makalio? Lina kofia yake? Zipu ina pindo la kuifunika? Kama sivyo, liache nyumbani. Utanunua jingine wiki ya kwanza, kwa sababu makoti yanayouzwa mahali penye baridi yameshonwa kwa baridi ya hapo hapo.

Kinachokupa joto ni hewa iliyotulia baina ya nguo na nguo, ile ambayo mwili wako umekwisha kuipasha. Ndiyo maana nguo tatu zilizopangwa vizuri hushinda koti moja zito, na masweta saba yaliyobanana hayana maana, maana yameikamua hewa yote ikatoka. Ya kwanza, inayogusa ngozi, iwe ya mikono mirefu na iwe na suruali yake ya kuvaa ndani. Chagua ya sufu laini au ya poliesta, wala usichukue ya pamba. Pamba ni nzuri penye joto kwa sababu ile ile inayoifanya iwe hatari penye baridi: hunywa jasho na kukaa nalo. Fulana iliyolowa jasho hukupoza kama mtungi unavyopoza maji. Ya pili ni sweta la sufu au jaketi la manyoya ya viwandani. Ya tatu ndiyo koti, na kazi yake kubwa ni kuzuia upepo na maji.

Wageni wengi hudhani adui ni theluji. Mara nyingi adui ni jasho. Mtu anachelewa basi, anakimbia koti limefungwa mpaka kidevuni, anafika kituoni amelowa mgongo, kisha anasimama dakika ishirini akingoja basi jingine. Mwili ukiwa ndani ya maji hupoteza joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko ukiwa ndani ya hewa, na nguo iliyolowa inakusogeza upande huo. Kwa hiyo ukianza kutembea haraka, fungua zipu, vua kofia, kabla jasho halijatoka. Ukisimama, funga tena. Utazoea kufanya hivyo bila kufikiri.

Miguuni, nunua buti zinazozidi namba yako kidogo, ili vidole vicheze. Soksi moja nzito ya sufu ni bora kuliko mbili zinazobana, maana mguu uliobanwa haupati damu, na mguu usiopata damu hauwezi kujipasha hata ukiuvika nini. Kila usiku toa soli za ndani za buti zikauke. Kwa mikono, tafuta glavu zile zinazoweka vidole vinne pamoja na gumba peke yake. Vidole hupashana joto. Kuhusu kichwa, utasikia kwamba nusu ya joto la mwili hutokea huko. Si kweli, kwani kichwa ni kama sehemu ya kumi tu ya ngozi yako. Hata hivyo vaa kofia inayofunika masikio, maana masikio, pua na mashavu ndivyo vinavyoganda mapema.

Sasa begi. Kofia, glavu, skafu, soksi nzito, sweta na ile nguo ya ndani viwe kwenye begi la mkononi, pamoja na dawa zako zote. Viatu vya kufunika uwe navyo mguuni. Begi la chini ya ndege likichelewa, utatoka uwanjani na ulichovaa. Waandikie wanaokupokea waje na koti la kuazima. Usione haya kuliomba. Kila aliyefika kabla yako aliwahi kuhitaji kitu hicho hicho.

Dada, simu yangu inanionyesha namba mbili: nyuzi -20, na chini yake inasema mtu atahisi kama ni -33. Niamini ipi? Halafu, sisi watu weusi tunajuaje kwamba ngozi imeganda? Kila picha ninayoiona ni ya mtu mweupe mwenye pua nyekundu.
*Mfanyakazi mpya wa ghala*

Namba zote mbili ni za kweli. Ya kwanza ni ya kipimajoto. Ya pili imeongeza upepo: nyuzi -20 pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa hupoza ngozi iliyo wazi kama vile ni -33 bila upepo. Upepo hufagia ile hewa ya joto inayokaa juu ya ngozi, na mwili unalazimika kuanza upya kila mara. Hesabu hii ilianzia Antaktika, bara la barafu, ambako watafiti Paul Siple na Charles Passel walipima jinsi maji yanavyoganda upesi kwenye chombo kilichoning'inizwa nje, wakachapisha matokeo mwaka 1945. Mwaka 2001 Kanada na Marekani zilianza kutumia hesabu mpya, iliyopatikana kwa kupima nyuso za watu waliojitolea kutembea mbele ya upepo wa baridi.

Ukiwa unavaa, soma namba ya pili. Ikifika -28 hivi, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 10 hadi 30. Ikifika -40, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Lakini namba hiyo ni ya viumbe wenye joto tu. Maji yaliyo kwenye ndoo nje hayatajali upepo. Kama kipimajoto kinasoma nyuzi 3 juu ya sifuri, hayataganda hata simu ikisema inahisiwa kama -5.

Swali lako la pili nimelifurahia, kwa sababu wengi hawathubutu kuliuliza. Usitafute wekundu. Katika ngozi yetu, sehemu inayoanza kuganda huonekana kama imepauka, ya kijivu, kama imepakwa majivu, wakati mwingine inang'aa kama nta. Ukiigusa ni ngumu na baridi kuliko ngozi ya jirani. Mimi mtu akija huwa natazama kucha. Bonyeza ukucha mpaka upauke, kisha achia. Damu inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ikichelewa, au isiporudi kabisa, ingia ndani sasa hivi. Viganja na nyayo pia husema mapema kuliko mgongo wa mkono. Na usidhani kwamba baridi haijali rangi. Uchunguzi uliofanywa jeshini Marekani na Uingereza umeonyesha kwamba askari weusi hupata majeraha ya baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao weupe, hata wakiwa kwenye zoezi moja. Glavu zako zisiwe duni kuliko za mwenzako.

Aliwahi kuletwa kijana mgeni, mfanyakazi wa nje, ameshindwa kufungua vifungo vya koti lake. Nilimfungulia mimi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vigumu, vimepauka mpaka kwenye kiungo cha pili. Nikamuuliza vilianza kuuma lini. Akaniambia, "Viliuma asubuhi, halafu vikaacha, nikajua nimezoea." Kidole kilichokuwa kinauma kikaacha kuuma ukiwa bado nje, hakijazoea. Mishipa ya fahamu imeacha kufanya kazi. Hapo huna muda wa kumaliza kazi iliyobaki.

Kwa hiyo weka saa. Kila baada ya dakika kumi na tano, kunja uso, gusa pua na masikio, chezesha vidole vyote ishirini. Mnaofanya kazi wawili, tazamaneni usoni na mwambiane. Sehemu ikiganda, usiisugue hata kidogo, na wale wanaokwambia upake theluji wasikilize kwa heshima kisha usifanye. Ingia ndani, vua vilivyolowa, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39. Ayapime mtu mwingine kwa kiwiko, au tumia kipimajoto, kwa maana mkono uliokufa ganzi hauwezi kujua kama unaungua. Moto na hita weka mbali. Maumivu yatarudi kwa nguvu, na hiyo ni habari njema. Kama kuna uwezekano wa kuganda tena kabla hujafika hospitali, usiyeyushe. Kuganda mara ya pili huharibu zaidi kuliko kungoja.

Na jambo jingine: ukimwona mwenzako anatetemeka sana, kisha anaanza kuongea kama amelewa, anaangusha vitu, anajikwaa, halafu kutetemeka kunakoma, joto lake la ndani huenda limeshuka chini ya nyuzi 35. Piga simu ya dharura. Usimpe pombe; pombe hupanua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto huku joto lenyewe linamtoka.

Kaka yetu mmoja ana jiko la mkaa, na hita ya nyumba yetu ni mbovu. Tunaishi vijana wanne. Tukifungua dirisha kidogo, tunaweza kuliwasha usiku?
*Wapangaji wanne*

Hapana. Dirisha likiwa wazi kidogo, hapana. Mkaa ukiwa umeshika vizuri na hautoi moshi, hapana tena, na hapo ndipo unapoua zaidi, maana hamtaona kitu. Tanuri la gesi la kupikia, jenereta, na jiko la kuchomea nyama la nje, vyote ni jibu hilo hilo.

Mkaa hutoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo oksijeni hukosa pa kukaa. Nyumba za nchi za baridi zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, kwa hiyo na gesi haitoki. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu. Mtu hudhani ni mafua, analala, haamki. Mkiona watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, tokeni wote hata kama mko na nguo za kulalia, kisha pigeni simu ya dharura mkiwa nje. Mkifika hospitali tamkeni neno mkaa au gesi kabla hamjaulizwa. Nawaambia hivyo kwa sababu kile kifaa kidogo tunachobana kidoleni kupima oksijeni hudanganywa na gesi hii, kinasoma namba nzuri kwa mtu anayekufa. Kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha ukweli.

Nunueni king'ora cha monoksidi ya kaboni mkiweke karibu na vyumba vya kulala. Kuhusu hita mbovu, mwandikieni mwenye nyumba leo, kwa maandishi yenye tarehe, na asipojibu nendeni ofisi ya serikali ya mtaa inayoshughulikia nyumba. Sehemu nyingi zenye baridi zina sheria inayomlazimu mwenye nyumba kutoa joto la kutosha. Nyinyi ni vijana na mnaona tabu kumsumbua mtu mzima. Msumbueni.

Na mwenye gari asiache injini ikinguruma kabla hajaondoa theluji iliyoziba bomba la moshi. Gesi hiyo hiyo hurudi ndani.

Mama, mwanangu ana miezi mitano. Nimeshamnunulia koti la theluji zito, anaonekana kama mto. Je, linatosha? Na usiku nimfunike mablanketi mangapi?
*Mama wa binti*

Hongera kwa kumpata binti. Koti ni zuri kwa kutembea naye, lakini kwenye kiti cha mtoto ndani ya gari lazima alivue. Ukimfunga mkanda juu ya koti nene, unaona umebana, kumbe umebana manyoya. Gari likigonga, koti linakandamizwa na mtoto anachopoka. Mfunge akiwa na nguo za kawaida, bana mkanda mpaka usiweze kuufinya kwa vidole viwili pale begani, kisha mfunike blanketi juu ya mkanda, kuanzia kifuani kwenda chini. Gari lipashwe joto kwanza, nje ya gereji.

Usiku usimfunike mablanketi kabisa, wala kofia asilale nayo. Watoto wachanga hufa kwa kupata joto kupita kiasi na kwa kufunikwa pua, na mzazi mgeni huwa anaogopa baridi tu. Chumba kiwe baina ya nyuzi 16 na 20, alale chali, avae mfuko wa kulalia unaofungwa mabegani. Ukitaka kujua kama ana baridi, gusa shingo yake kwa nyuma au kifua. Mikono ya mtoto huwa baridi hata akiwa salama. Mchana mvike nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe, na kitoroli usikizibe kwa shuka zito, hewa ipite. Kama ananyonya maziwa yako, muulize daktari kuhusu matone ya vitamini D, yuniti 400 kwa siku; maziwa ya mama hayana ya kutosha.

Mdogo wangu ana selimundu, anakuja kuishi nami. Nimesikia baridi ni hatari kwake. Nimzuie asije?
*Dada mkubwa*

Usimzuie. Jiandae. Baridi hubana mishipa midogo, damu inakwenda polepole, seli zinapinda na kunasa, na maumivu makali yanaanza. Kinachosababisha hilo mara nyingi ni mabadiliko ya ghafla: kutoka bafuni na nywele zimelowa, kungoja basi bila glavu, kuingia kwenye maji baridi ya bwawa. Apashe nguo zake juu ya hita kabla ya kuzivaa. Asitoke nje akiwa na unyevu wowote. Abebe glavu za akiba ndani ya begi, kwa sababu glavu hupotea.

Maji ndiyo yanayosahaulika. Penye baridi kiu hupungua, na hewa kavu ya ndani inakukausha huku hujui. Asingoje kiu. Awe na chupa yake, na aijaze kwa saa zilizopangwa.

Kabla hajasafiri, daktari wake aandike barua: aina ya selimundu, kundi la damu, damu alizowahi kuongezewa, chanjo alizopata, dawa na vipimo vyake, ikiwamo haidroksiurea kama anaitumia, na dawa ya maumivu inayomfaa. Barua hiyo aibebe mfukoni, siyo kwenye begi. Kuna hospitali kubwa ambazo wauguzi wake hawajawahi kumhudumia mtu mwenye selimundu, na mgonjwa wetu anaposema anaumwa sana, hawamwamini. Barua yenye muhuri humtetea akiwa hawezi kusema. Mwandikishe kliniki ya damu wiki anayofika, akiwa mzima. Homa ikifika nyuzi 38, hospitali siku hiyo hiyo. Na mtu yeyote asimwekee barafu kwenye kiungo kinachouma, hata akiwa mhudumu wa afya.

Nafanya kazi zamu ya mchana. Naondoka nyumbani giza, narudi giza. Sina msiba, sina deni, lakini nalia ovyo na nalala kwa muda wa saa kumi na mbili siku za mapumziko. Wenzangu wanasema ni uvivu. Naona aibu hata kuandika.
*Asiyetaka jina*

Ndugu yangu, ahsante kwa kuandika. Huo si uvivu. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake waliueleza rasmi ugonjwa wa huzuni unaokuja na majira ya giza na kuondoka siku zikirefuka: usingizi mwingi, hamu ya vyakula vya wanga, kukosa raha, kujitenga. Sisi tuliokulia karibu na ikweta hatujawahi kuhesabu mwanga kama kitu cha kutafutwa, maana siku zetu zote ni za saa kumi na mbili hivi. Helsinki, mji mkuu wa Ufini, siku fupi kabisa haifikii saa sita za jua. Tromsø, kaskazini ya Norway, jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari. Mwili unapokea habari hiyo kila asubuhi kupitia macho, hata kama wewe umejifunza kuipuuza.

Fanya hivi. Mapumziko yako ya kazini yatumie nje, hata dakika ishirini, hata mawingu yakiwa yametanda. Mwanga wa nje siku ya mawingu huzidi mara nyingi taa za ofisini. Kisha tafuta taa maalumu ya matibabu yenye nguvu ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga). Kaa mbele yake nusu saa asubuhi mapema, macho wazi lakini usiikodolee, kila siku, siyo siku unazojisikia vibaya tu. Kama una ugonjwa wa macho, au umewahi kupata vipindi vya furaha iliyopitiliza na kukosa usingizi, muone daktari kabla ya kuitumia. Mwakani anza Septemba au Oktoba, kabla huzuni haijafika.

Vitamini D ni habari nyingine, ingawa watu huchanganya. Ngozi yetu inahitaji jua zaidi kuitengeneza, na katika nchi zilizo mbali na ikweta jua la majira ya baridi huwa chini mno angani kuweza kufanya kazi hiyo. Uingereza inawashauri wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza maikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Upungufu wake haupigi hodi. Mtu huja kwangu na maumivu ya mifupa na misuli yaliyoanza zamani. Usizidishe, kwa mtu mzima isipite maikrogramu 100 kwa siku.

Ukifika mahali unaona heri usiwepo, piga simu ya dharura siku hiyo hiyo, au nenda hospitali yoyote useme maneno hayo hayo. Tunakaa usiku kucha kwa ajili ya watu kama wewe. Na nakuomba uniandikie tena.

Ngozi inapasuka, pua inatoka damu, nywele zinakatika, na nikigusa kitasa napigwa shoti. Nimerogwa?
*Msusi*

Umekaushwa. Hewa ya nyuzi -20 hubeba mvuke kidogo mno. Ikiingia ndani ikapashwa mpaka nyuzi 20, unyevu wake unabaki kama asilimia 5. Inanyonya maji kwako. Oga haraka kwa maji ya vuguvugu, jipake mafuta mazito ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, na paka kidogo ndani ya pua kwa kidole kabla ya kulala. Mashine ya kuongeza unyevu chumbani ifike asilimia 30 hadi 40, isizidi; ukiona maji yanatiririka kwenye vioo vya dirisha, punguza, ukungu utaota ukutani. Kofia ya sufu ishonee satini ndani, nywele zitakushukuru. Na usitoke na nywele mbichi.

Mzee wangu ana miaka 68 na ana presha. Anakuja kuishi nasi Desemba, na ameshasema hatakubali kukaa bure, atakuwa anatusaidia kuondoa theluji mlangoni. Nimruhusu?
*Mtoto wa mwisho*

Mpokeeni kwa heshima zote, lakini koleo lifichwe. Baridi hubana mishipa na kupandisha presha yenyewe bila kazi yoyote. Ukiongeza kuinua theluji iliyolowa, pumzi imezuiwa, asubuhi mapema, moyo unabeba mzigo mkubwa ghafla. Kila theluji kubwa ikianguka tunapokea wanaume wa umri wake wameshika kifua. Mpe kazi ya kumwaga mchanga au chumvi kwenye ngazi na njia, kwa kuwa hiyo inaokoa nyonga za watu wote wa nyumba. Chumvi hufanya kazi vizuri mpaka nyuzi -9 hivi. Baridi ikizidi hapo, mchanga ndio wa kutegemea, hauyeyushi lakini unashika.

Mfundisheni kutembea kabla hajatoka peke yake. Barafu hatari ni ile nyembamba inayoonekana kama lami yenye maji. Hatua ziwe fupi, mguu mzima ushuke kwa pamoja, uzito uegemee mguu wa mbele, magoti yalegee. Mikono itoke mifukoni. Aliyeweka mikono mfukoni huanguka na kichwa. Kama anatumia fimbo, zipo ncha za chuma za kuvika chini yake, zinazokunjwa mtu akiingia ndani.

Presha apimwe wiki ya kwanza na tena baada ya mwezi, maana dozi iliyomtosha kwenye joto huenda isitoshe huko. Asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Na ndani ya nyumba, chumba anachokaa kisishuke chini ya nyuzi 18 hata kama wengine mnaona mnapata joto sana, kwa kuwa wazee huchelewa kuhisi baridi na yeye kama mgeni ataona vibaya kuwaomba mpandishe hita. Mwekeeni kipimajoto ukutani mbele ya kiti chake, na mwambieni namba ikishuka aongeze mwenyewe bila kuuliza mtu.